Zamu ya Nyumba Yetu

Kila ninapofungua chupa ya spiriti, hata kama ni ya kusafishia goti la mtoto aliyeanguka, pua yangu haifikirii kidonda. Inanirudisha sebuleni kwetu, kijijini Mamba, milimani juu ya Same, Jumapili baada ya ibada, watu wazima wameinamia mikanda ya video, kila mmoja na kipande cha pamba mkononi, na harufu ya spiriti imechanganyika na ya tangawizi mbichi iliyorundikwa kwenye kona.

Ninyi mliokulia tambarare huenda hamjui ukungu wa milimani unavyoufanya mkanda. Unaufungia kabatini ukiwa mzima, masika yakiisha unaukuta umeota unga mweupe kama mkate uliosahauliwa. Ukiutia kwenye deki hivyo hivyo, umeharibu mkanda na deki pia. Ndiyo maana wakusanyaji wa filamu wa kwetu, waliokuwa wachache na wenye kuchekwa na majirani, walikutana kila mwezi kusafisha mikanda yao, kuizungusha isishikane, kuazimana, na mwishowe kuangalia filamu moja. Walipokezana nyumba. Mwenye zamu alitoa sebule na chai, wageni wakaja na vya kutafuna.

Baba alikuwa mmoja wao. Alilima tangawizi, lakini alichojivunia ni mikanda: ngumi za Wachina, mapenzi ya Wahindi, harusi na kipaimara za watu ambao wengine hatukuwafahamu kabisa. Alibuni njia yake ya kupambana na ukungu. Aliipanga mikanda uchagani, juu ya moto wa jikoni, kando ya mahindi ya mbegu. Ukungu ulikoma kweli, ila joto liliikunja, na tangu hapo kila filamu ya nyumbani kwetu ilianza na watu wanaoyumba kama wametoka kilabuni. Wenzake walimtania kwa hilo mpaka mwisho wake.

Mama alitangulia, baba akafuata. Mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na masomo yangu yakaishia hapo. Nikashika jembe na jiko, wadogo zangu watatu, Tumaini, Eliya na Nakundwa, wakaendelea na shule. Sikuliona kama jambo la kuombolezea. Ilikuwa kazi, na kazi niliiweza.

Kisha baba mdogo akapanda kutoka Same na mpango wake. Tumaini angekwenda kwa shangazi Ngujini, Eliya angekaa naye mjini, Nakundwa na mimi tungetafutiwa pengine. Alisema nyumba haiwezi kukaa bila mtu mzima, na kwamba angekuja Jumapili kutuchukua. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza taratibu, huku akiitazama mikono yake. Usiku huo Nakundwa alilala ameshika gauni langu.

Kabla Jumapili haijafika, Mzee Zakaria, mkubwa wa wakusanyaji, akasimama mlangoni kwetu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasema zamu ilikuwa ya nyumba yetu, lakini kwa yaliyotupata wangeweza kuiruka.

"Msituruke, babu," nikamwambia. "Chai nitachemsha."

Akaondoka bila kuniuliza sukari ingetoka wapi.

Baba mdogo alipofika na gari la kuazima, alikuta viatu vimejaa kibarazani. Ndani, mikanda ilikuwa imetandazwa juu ya kanga ya mama. Fundi Hamisi, muuza vipuri wa Same, alikuwa amefungua deki lake na kulipuliza vumbi, na Eliya akimshikia bisibisi. Baba mdogo alisema amekuja kuchukua watoto. Hakuna aliyembishia. Walisogea kwenye benchi, wakampa pamba na mkanda. Mbele ya wazee wale, angekataaje?

Wakati anafuta, wakaanza kubishana kikao cha mwezi unaofuata kikae wapi. Mzee Zakaria akasema kwake hapafai, paa linavuja. Mama mmoja wa kwaya akasema sebule yake imejaa magunia. Fundi Hamisi akatikisa kichwa.

"Kwangu Same kuna joto," akasema. "Mikanda itakunjika yote, tuje tuangalie walevi watupu."

Watu wakacheka. Ikaonekana kikao kijacho kikae kwetu tena. Na kile cha baada yake pia.

"Sasa wewe bwana," Hamisi akamgeukia baba mdogo, "ukiwahamisha hawa, sisi chai tutanywea wapi?"

Baba mdogo hakucheka. Mzee Zakaria akaweka pamba yake chini.

"Mwanangu," akamwambia, "tutakuwa hapa kila mwezi. Na siku za katikati, njia yetu ya shamba inapita hapa hapa."

Baba mdogo aliendelea kufuta mkanda ule ule, ambao ulikuwa umeshang'aa. Filamu ikaanza, watu wakayumba kama kawaida, akakaa mpaka ikaisha. Alipoinuka aliniuliza mimi, si wazee, kikao kingine ni Jumapili ipi. Nikamwambia.

"Basi sukari nitaleta mimi," akasema, na akateremka na gari tupu.

Alikuja mwezi ule, na mingine mingi. Deki likipoa, mtu mmoja alikaza bawaba za mlango, mwingine akaomba kuona madaftari ya Eliya. Mimi niliwaona tu kuwa watu wasioweza kutulia, na nilinung'unika kwa nini chai iwe yetu siku zote. Miaka ikapita ndipo mvua kubwa ya masika iliponikuta nyumbani kwa Mzee Zakaria. Nilikaa chini ya paa lile lile la zamani, alilosema linavuja, mpaka ikakatika, na halikudondosha tone. Nilicheka peke yangu.

Wadogo zangu wana nyumba zao sasa, na mimi ndiye ninayeamua mambo ya watoto wa ukoo. Nimejua uzito wa kusimama mlangoni mwa yatima ukiwa peke yako. Kwa muda mrefu nilijisifu kwamba Jumapili ile wazee walituunga mkono na tukamshinda baba mdogo. Sikuwa nimemwangalia vizuri. Alikuwa amemzika kaka yake, akabaki na watoto wanne asiojua pa kuwaweka, wala hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hatawabeba peke yake. Wazee waliposogea kwenye benchi, walikuwa wanampa nafasi na yeye.