Mkono Uliokopeshwa Buseresere

Nikisema mimi ni shabiki wa besiboli na ninaishi Rwamgasa, watu huniuliza kama malaria imenipanda kichwani. Haijapanda. Besiboli ipo. Ililetwa na mwalimu mmoja wa sekondari aliyejifunza chuoni. Alikuja na glovu kuukuu kwenye kiroba na gongo moja, akafundisha, akahamishwa. Yeye akaondoka, ugonjwa ukabaki. Siku hizi wachimbaji wanacheza kwenye uwanja wa marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu. Ni mweupe kama sembe. Ukianguka pale unainuka kama mzimu, na mama yako mzazi anaweza kukukimbia. Buseresere nao wana timu. Hata Songwa, nilikozaliwa, wanayo.

Kwa asiyeujua, mchezo ni hivi: mmoja anarusha mpira, mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, anausubiri. Mengine yote, kukimbia na kugombana na mwamuzi, ni mapambo. Ukiwa na mrushaji una timu. Usipokuwa naye una watu tisa wanaoota jua.

Sisi tulikuwa naye. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu. Alikulia Kishapu akichunga ng'ombe, na mchungaji wa kule hamfuati ng'ombe aliyepotoka. Anarusha jiwe, linagonga pembe, ng'ombe anarudi kundini akiwa ameelewa. Huku alikuwa akigonga mawe ya kupeleka karashani, kwenye mashine ya kusagia, mchana kutwa kwa nyundo, na jua likipoa anakuja uwanjani kurusha. Mpira wake ulikuwa unalia. Naapa, ndege wa Geita walikuwa wanazunguka kupitia Biharamulo ili wasikutane nao. Mpigaji mmoja kutoka Songwa alipigwa upepo tu wa mpira ule, akaomba maji.

Na ilikuwa imetangazwa kwamba baada ya mavuno wachaguzi wa timu ya taifa watakuja Shinyanga kutazama wachezaji. Shemeji hakuwa mtu wa kutaka vitu. Ukimuuliza atakula nini, anasema chochote. Lakini hilo alilitaka. Aliacha pombe bila kumwambia mtu. Alinunua raba za mtumba, akazifua, akaziweka juu ya kabati letu zikiwa zimefungwa kwenye mfuko, akasubiri mavuno. Mke wangu alikuwa akifagia chumba kile huku akizipita raba zile kwa adabu, kama zimelala.

Mimi nilikuwa na maoni. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu na mtoto, na bailojia niliipenda kuliko chakula, kwa hiyo kwenye kijiwe chetu cha kahawa mada ya kiwiko ilikuwa yangu. Niliwaambia: mkono wa mrushaji ni kamba ya duara, yaani shimo letu la dhahabu. Kamba unayoshukia shimoni haikatiki siku ile inapokatika. Ilianza zamani, uzi mmoja mmoja, na wewe ulikuwa unashuka ukipiga mluzi. Kuhusu chipukizi nilisema: jiwe kung'aa si hoja, ngoja lipite karashani. Nimeona vijana wanaoitwa hazina wakiwa mazoezini, siku ya mechi wanarusha kama wanawatupia kuku mtama. Na kuhusu kubadilishana wachezaji nilisema: badilisha kila kitu, badilisha gongo, badilisha hata mwamuzi, mrushaji usimguse.

Aliyemgusa ni mzee wetu, mwenye karasha, aliyekuwa akiifadhili timu. Sababu yake haikuwa ya kijinga. Mdakaji wetu alikuwa ameacha. Kiganja chake kilivimba kwa mipira ya shemeji mpaka kikawa kama andazi la harusi, akasema yeye ana familia. Hakuna mwingine aliyethubutu kuchuchumaa pale. Na mrushaji asiye na mdakaji atawaonyesha nini wachaguzi? Buseresere walikuwa na wadakaji wawili wazuri, ila hawakuwa na wa kurusha.

"Nitawakopesha," mzee akasema pale kijiweni. "Wao wananipa mdakaji moja kwa moja. Mimi nawawekea mrushaji mpaka mavuno."

"Mzee wangu," nikamwambia, "hiyo ni sawa na kumtoa ng'ombe ili upate kibuyu cha kukamulia."

Watu wakacheka sana. Mzee naye akacheka, akanigonga begani. "Wewe elimu ya jioni imekuchelewesha. Ng'ombe anarudi! Kibuyu kinabaki!"

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la Wasukuma, sidhani kama kabila lingine lingelifanya kwa heshima namna ile. Kwetu mtu mwenye ng'ombe humweka kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Wanaelewana kwa mdomo, mbele ya watu wawili watatu, na urafiki ndio zizi. Mzee alimkopesha shemeji hivyohivyo, kwa maneno yaleyale.

Aliyekuja kumchukua ni mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, ndiye msimamizi wa timu ya Buseresere. Mama mnene, mcheshi, sauti inafika uwanjani kabla yake.

"Shikamoo mzee. Nimefuata ng'ombe wangu."

"Marahaba. Ng'ombe wangu," mzee akamsahihisha. "Wewe una maziwa tu."

"Haya, maziwa. Yuko wapi? Huyu? Mbona mwembamba hivi, mnamlisha marudio?"

Shemeji akaangalia chini, akatabasamu. Nilimuuliza pembeni kama anataka kwenda. Akasema, "Shemeji, kule kuna mdakaji. Sijawahi kurusha kwa nguvu zote." Basi. Alichukua begi, raba akaziacha juu ya kabati.

Baada ya muda nilikwenda Buseresere siku ya gulio, nikisingizia kununua mchele. Walikuwa wanacheza nyuma ya soko. Nilisikia kelele nikiwa bado mbali. Soko zima lilikuwa limehamia pale: wauza samaki, mafundi baiskeli, na mzee mmoja Mhindi mwenye duka la spea aliyeleta kiti chake mwenyewe. Shemeji alirusha mchezo mzima. Ulipokwisha, wakamtaka arushe tena, kwa mashindano ya soda: nani ataugusa mpira wake. Walipanga foleni kama ya zahanati. Hakuna aliyeugusa. Walikuwa wanapiga gongo hewani, wanazunguka, wanaanguka, na watu wanagaragara kwa kicheko. Na mimi nilicheka. Ilikuwa inachekesha.

Alipopumzika nikaona anaukung'uta mkono wa kulia, kama mtu aliyenawa akakosa taulo.

"Vipi?"

"Kidole cha mwisho kimelala, shemeji. Na jirani yake anasinzia."

"Tangu lini?"

"Wanaamka asubuhi." Akacheka. "Nikigonga mawe walikuwa wanalala pia."

"Kiwiko?"

"Kiwiko kinaongea. Hakigombi." Halafu akasema, akitazama umati, "Sijawahi kuitwa na soko zima."

Nilimfuata yule mama. Alikuwa anagawa soda. Nikamweleza habari ya vidole, kiwiko, mishipa, bailojia yote niliyokuwa nayo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, sitamsingizia.

"Baba," akasema, "mimi nimempa chumba, anakula wali na nyama, hashiki nyundo. Kwenu alikuwa anagonga mawe kutwa halafu anarusha. Nani anamtunza?"

"Apumzike mechi mbili tu, mama."

"Nimekopeshwa mpaka mavuno. Ng'ombe wa watu akiwa na maziwa unamkamua, kesho si wako. Au mwenyewe anamtaka? Aje aseme."

Nikarudi na mchele wangu kwa mwenyewe. Mzee alikuwa ameketi kando ya karasha, masikio yamejaa vumbi, ikabidi nipige kelele. Nikamwambia amrudishe shemeji kabla mkono haujakatika.

Mzee akajifuta vumbi masikioni. "Nimfuate kabla ya siku yake?"

"Ndiyo."

"Unajua ukienda kumtoa ng'ombe wako kwa mtu katikati, unamwambia nini yule mtu?"

Nilijua. Unamwambia kuwa ni mwizi, au kwamba anamtesa. Watoto wake watakusikia, na majirani, na hatakuja kwenye msiba wako. Mzee yule alikuwa amefanya biashara na Buseresere maisha yake yote kwa neno tupu. Nikamwona anaupima urafiki na kiwiko. Urafiki ulikuwa mzito zaidi, na mimi, nikisema kweli, nilimwelewa.

"Mavuno si mbali," akasema. "Yule mtoto ana mkono wa chuma."

"Gete," nikasema. Kwa Kisukuma maana yake kweli kabisa. Sijui kwa nini nilisema.

Mkono ulikatika kwenye mechi na Songwa. Sikuwapo. Aliyenieleza ni yule mdakaji wa zamani mwenye kiganja cha andazi, ambaye alikwenda kutazama. Alisema hakusikia mlio wowote, ila mpira ulitoka mkononi ukaenda pembeni, kwa kina mama wauza mahindi, polepole, kama umetupwa na mtoto. Watu wakadhani ni mzaha wake. Wakashangilia.

Walimleta asubuhi kwa gari la mchele. Yule mama hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, na nilipomwambia karibu, akakataa, maana aliyewekewa mali ya mtu ikaharibika haketi kwanza. Anasema ameipoteza vipi, akiwa amesimama. Mzee wa karasha alikuwa ameitwa, naye akasimama uani. Mama akaeleza yote, mpira mmoja mmoja, bila kujipunguzia lawama. Ile sauti ya gulio haikuwapo. Shemeji alikuwa katikati yao, mkono umefungwa kwa khanga shingoni, anamsikiliza kila anayeongea, kama wanazungumzia mnyama wa jirani.

Mama alipomaliza, mzee akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Umesema vizuri." Akamkaribisha kiti. Mambo yakawa yamekwisha. Kwa mila yalikuwa yamekwisha kabisa, hakuna aliyebaki na deni wala kinyongo, na mke wangu akaleta chai.

Nilikunywa chai. Nilisimulia kichekesho fulani kuhusu mwamuzi wa Songwa aliyevaa miwani ya jua mvua ikinyesha, nikakipamba, nikaongeza mwavuli. Wote walicheka, na yule mama alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaendelea kufuta. Mimi nilikuwa nasikia sauti yangu ikiendelea. Nilitafuta hasira nikaikosa, nikatafuta huzuni. Nilikuwa kama mtu anayepapasa mfukoni akijua alikuwa na kitu. Mke wangu alikaa kwenye kigoda akichagua mawe kwenye mchele ule wa Buseresere. Hakuinua kichwa. Alichagua mpaka wageni walipoondoka, na mchele ulikuwa umekwisha kuwa safi zamani.

Daktari wa hospitalini alimkunja shemeji mkono, akamkunjua, akamchoma vidole kwa ncha ya kalamu. "Unasikia hapa?" Hapana. "Hapa?" Kidogo. Akasema kano ya ndani ya kiwiko imechanika na mshipa wa fahamu umebanwa. Akasema kuna upasuaji, mbali na sisi, na hata baada yake kushika kijiko ni jambo moja, kurusha ni jambo jingine. Ilikuwa bailojia yangu ileile, imeingia na koti jeupe. Niliitikia kila sentensi kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Nyundo?" shemeji akauliza.

"Nyundo sahau kwa sasa."

"Na Shinyanga?"

Daktari akanigeukia mimi, kama anayetaka nimtafsirie. "Shinyanga kuna nini?"

Nikamwambia kuna ndugu zetu.

Mavuno yalikuja, pamba ikajaa magarini, na siku ya wachaguzi ikafika. Mdakaji tuliyepewa alikwenda. Ni kijana mzuri, ana mikono laini, na mimi nilitoa maoni yangu kijiweni kwamba atachaguliwa. Nilisema anaweza kudaka radi akaomba ya pili. Nilipofika nyumbani mchana nilimkuta shemeji ameketi kizingitini, glovu iko mkono wa kushoto, mpira mapajani.

"Nirushie," akasema.

Tulikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ule uwazi kati ya choo na mihogo. Alisimama upande wa mihogo. Nilirusha taratibu, vibaya, mimi ni shabiki si mchezaji. Aliudaka bila kutazama. Nikasubiri. Akautoa kwenye glovu kwa vidole vitatu vilivyokuwa bado vinamtii, akaushika, akautazama kidogo. Kisha akatembea mpaka nilipo, akanikabidhi mkononi, akarudi mahali pake, akageuka, akainua glovu.

"Tena," akasema. "Rusha kama mtu, shemeji. Mimi si kuku."

Nikarusha kwa nguvu kidogo. Akadaka. Akauleta. Mke wangu alitokea mlangoni na mwiko mkononi, alikuwa anataka kutuita tule. Akasimama, akaona mpira unavyorudi kwa miguu, akaingia ndani bila kuita. Nilipokea mpira, nikarusha, naye akaja nao, na nyasi za kati yetu zikaanza kulala.