Zakia Anautaka Uenyekiti wa Kikundi cha Kuzikana

Hebu vuta picha. Jua la saa kumi limelalia mawe ya mlimani, Nyamagana, na mwanamke mnene wa haja anapanda ngazi za mawe bila kushika popote, khanga kaikaza kiunoni, nguo zote zanukia moshi na vitunguu. Ametoka kupika pilau la harusi.

"Hodi wenye kikao! Mwadila!" anawaamkia kwa Kisukuma.

Uani kwa Mama Wilhelmina watu wanaitikia na kusogeza viti vya plastiki, maana Zakia, Mama Faisal wa mtaa, hakai pembeni.

Babu yake mzaa baba alikuwa Mwarabu aliyekuja kutokea Tabora akifuata biashara ya ngozi. Mama yake ni Msukuma wa Magu. Yeye kazaliwa hapo hapo mlimani, na tangu aweze kuinua mwiko hakuna msiba wa mtaa ule ambao hakusimama jikoni. Siku hiyo alikuwa na haja moja, wala hakuificha: alitaka uenyekiti wa kikundi cha kuzikana. Mama Wilhelmina alikuwa anauachia, anahamia Kamanga kwa binti yake, na jina lililopendekezwa lilikuwa moja tu, la Zakia.

Basi jina lilipotajwa, Luhaga muuza dagaa akapaza sauti kutoka nyuma: "Jamani, tukimpa huyu Mwarabu, maiti zetu zitafukizwa udi mpaka zipige chafya!"

Kicheko kikalipuka uani. Mwalimu Mayala hakucheka. Huyu ni mstaafu, balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, mtu wa kunyoosha kola kabla ya kusema.

"Maneno hayo yafutwe," akasema. "Nchi hii tulifundishwa kwamba sisi ni ndugu. Kumtaja mtu kwa asili yake au rangi yake, hata kwa kucheka, huo ndio ubaguzi wenyewe. Aombe radhi, au asimamishwe."

"Mwalimu, mimi namtania tu!"

"Utani una wenyewe, Luhaga. Msukuma na Mzaramo, sawa. Babu na mjukuu, sawa. Wewe na Mwarabu, tangu lini?"

"Na wewe Mwalimu umemwita Mwarabu," akadakia Nestory, na watu wakacheka upya.

Nestory ni kijana fundi simu, mwanachama wa upinzani asiyejificha. "Shikamoo Mwalimu, lakini hapo umepotea. Ubaguzi si neno, ni nguvu. Ni kunyimwa kiwanja, kunyimwa kazi, kuulizwa ofisini babu yako alizaliwa wapi. Luhaga anaanika dagaa juani, ana nguvu gani ya kumbagua mtu? Na tukirudi nyuma, aliyekuwa na nguvu ni babu yake nani, wa Luhaga au wa Mama Faisal?"

"Babu yangu alikuwa na punda mmoja, mwanangu," Zakia akamjibu. "Tena anachechemea."

"Nyie wapinzani kila kitu mnakifanya nguvu," Mwalimu akasema.

"Na nyie kila kitu mnasema kilishakwisha zamani!"

Wakaendelea hivyo, huyu akivuta huku, yule kule, na uani ukagawanyika. Zakia akawa anasikiliza, mikono mapajani. Jina lake halikutajwa tena. Kiti alichokitaka kilikuwa kinateleza hivi hivi mbele ya macho yake, na kati ya wale waliokuwa wanamgombania hakuna aliyegeuka kumuuliza yeye.

Tena alikuwa na lake la siku nyingi. Kwenye misiba yote ile, watani walipoficha sepetu na kuwazomea wafiwa mpaka wacheke, yeye hakuguswa. Aliambiwa, "Karibu Mama Faisal, kaa hapa kivulini," kwa adabu, kama mgeni. Luhaga ndiye aliyekuwa wa kwanza kumrushia neno, kama mtu wa nyumbani.

Akasimama.

"Luhaga! Wewe ndiye wa kunisema mimi? Wewe uliyeingia mjini na baiskeli iliyopambwa vioo, ukaikuta nguzo ya taa barabarani, ukashuka ukaiamkia shikamoo ukidhani ni mkubwa wako?"

Luhaga alicheka mpaka kiti kikamponyoka, akakaa chini na kuendelea kucheka huko huko. Lakini wengine walikunja nyuso. Mama Rebeka, mzee wa mlango wa pili, akaguna: "Eh! Sasa huyu naye anatutukana Wasukuma."

Zakia akawageukia, akijiuliza. Udi waliucheka. Nguzo je, mbona hapana? Lakini hakuwa mtu wa kukaa akishasimama.

"Shikamoo mama. Mimi mama yangu wa Magu. Nusu ya tusi hilo nimejipiga mwenyewe."

Hapo Mama Rebeka akajikuta anacheka, kwa kujizuia kwanza, kisha kwa mabega yote.

"Sasa," Zakia akasema, "habari ya Luhaga mtaimaliza mkitaka. Mimi nimekuja kuomba kuwazika watu vizuri. Mama Wilhelmina, naomba mikono."

Mikono ikanyanyuka, mingi, akapita. Wa Luhaga ulikuwa wa kwanza, bado kakaa chini. Wa Nestory ulikuwepo. Wa Mwalimu Mayala, yule aliyesimama kumtetea, ulibaki gotini.

Baadaye, chai ikigawiwa, Zakia alimpelekea kikombe na kumuuliza bila kuzunguka, "Mwalimu, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mwanangu. Nilitaka mtu mwenye nafasi. Wewe una shughuli nyingi za upishi." Akapuliza chai. "Na watu... unajua watu. Nilihofia watasema."

"Watasema nini?"

Mwalimu akainamia kikombe chake. Zakia akacheka, akamwongezea sukari, akaenda kupanga majina ya wachimba kaburi.

Wewe uliyekuwa umekaa nasi uani, kati ya aliyemwita Mwarabu akanyoosha mkono, na aliyekataza asiitwe hivyo akauacha wake gotini, nani ungemwambia aombe radhi?