Spika Mbili za Nyuma

Mtu akiniambia hii ni stori ya kutunga, huwa namwambia aende Lanet, kwa ile ploti nilikuwa nimepanga, aangalie ukuta. Mashimo ya misumari bado yako. Mimi pombe sinywi, kanisani najulikana, na sina haja ya kukudanganya. Sikiza tu.

Mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na nane, unakumbuka vile Nakuru ilikuwa, watu wa makabila wakipigana baada ya kura. Shemeji zangu walikuja na pikapu wakamchukua dada yao, yaani mke wangu, Mama Brayo, pamoja na mtoto wetu. Hawakuja kwa ubaya. Walisema kwao, huko juu ya Molo, atakuwa salama, na kwamba mimi huko nisijaribu kufika wakati huo. Mama Brayo akanishika mkono, akasema vitu vikitulia atapiga simu, na atarudi.

Vitu vikatulia. Simu haikuja. Nikipiga yake, imezimwa. Majirani walikuwa wamehama, na jioni taa iliyokuwa inawaka kwa ploti nzima ni yangu peke yangu. Wacha nikwambie, nyumba iliyozoea kelele za mtoto ikinyamaza, hata kumeza chai unajisikia. Nilikuwa napika ugali wa watu watatu bila kufikiria, halafu namwaga.

Sasa, Mama Brayo alikuwa ameniomba hom thieta, ule mtambo wa spika nyingi za filamu na muziki, tangu aione kwa dada yake. Nikajiambia nikiinunua, siku akirudi ataikuta. Nikaenda mjini kwa duka la mzee mmoja Mhindi anayeuza redio na TV. Yule mzee alinishauri vizuri, simlaumu. Alisema kama ni muziki nataka, ninunue kila kitu kivyake: amplifaya, redio, deki, na spika mbili kubwa. Moja ikiharibika napeleka hiyo moja kwa fundi, zingine zinaendelea. Lakini risiva ya hom thieta imebeba kila kitu tumboni, ikiungua nyumba yote inanyamaza. Halafu akaniuliza nitakuwa nasikiza na nani. Nikasema na bibi yangu. Nikabeba risiva, na spika zake tano ndogo, na ile moja ya besi.

Nyumbani nikazipanga vile kila mtu huku kwetu hupanga: zote tano kwa kabati la TV, mstari mmoja, kila moja imekalia kitambaa alichoshona Mama Brayo. Kwani zikae wapi kwingine?

Jumamosi jua likizama, mtu akabisha. Alikuwa mwanamume mwembamba, ovaroli safi kabisa. Akasema ametoka dukani, amekuja kuangalia mtambo. Nikafunga mlango na komeo nyuma yake, kwa sababu siku hizo tulikuwa tunafunga. Alipoona kabati alicheka. Akachukua spika mbili, akazipigilia ukutani nyuma ya sofa, moja kushoto, moja kulia. Nikamuuliza huko nyuma ni za nini. Hakugeuka.

"Za mbele ni za wale unaona," akasema. "Hizi ni za wale hawako."

Nilidhani ni mzaha wa mafundi. Nikaenda kumwekea chai. Kurudi, hayuko, na komeo iko vile niliiacha. Ungetoka mbio, si ndiyo? Hata mimi ningekuambia hivyo kabla ya mwaka huo. Lakini haki ya Mungu, nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu kiasi kwamba nilisikitika ameenda.

Nikazima TV, nikakaa. Taa ndogo ya risiva ilibaki inawaka. Hapo nyuma ya sikio langu la kushoto nikasikia mwiko ukikwaruza sufuria, na Mama Brayo akauliza kama nimekula.

Nikageuka. Ukuta. Nikiangalia ukuta, kimya. Nikiangalia mbele, anaongea. Ilikuwa sauti yake, hata na kile kikohozi kidogo anachotoa kabla ya kucheka. Nililia, sioni haya kusema.

Basi hayo ndiyo yakawa maisha yangu. Nikitoka kazini nakimbia nyumbani, nakaa kwa sofa, nampa habari za siku. Ananitania ati nimekonda. Upande wa kulia, Brayo anasukuma gari lake sakafuni. Nikaacha kupiga ile namba yake. Ningempigiaje mtu tuko naye? Simu nilikuwa naiacha kwa chaji juu ya risiva nikienda kazini, hata nikienda kuoga.

Halafu Jumapili moja mchana ikalia nikiwa nimeishika. Namba siijui.

"Baba Brayo, ni mimi. Tuko Salgaa, lori imetushusha hapa. Njoo utuchukue kabla giza liingie."

Kabla nijibu, sauti ile ile ikasema nyuma yangu, polepole, "Huyo si mimi. Ukitoka kwa huo mlango, hutanipata tena."

Wewe ungefanya nini? Sauti zote mbili ni za bibi yangu. Ya nyuma ilikuwa tamu. Ya simu ilikuwa na hasira, upepo unavuma, mtoto analia. Huyo mtoto ndiye aliniamsha. Brayo wa ukutani hakuwahi kulia hata siku moja, na mtoto gani wa miaka mitatu halii? Nikang'oa spika na waya zake. Ile sauti ikalia vile Mama Brayo hulia, na bado nikatoka.

Nikawapata Salgaa nje ya hoteli ya madereva, Mama Brayo ameketi juu ya begi. Nilitaka kumkumbatia, akarudi nyuma. Akauliza kama yule mwanamke bado yuko nyumbani. Mwanamke gani? Akasema amekuwa akinipigia kwa simu ya kaka yake, na kila mara anayeshika simu ni mwanamke.

"Alikuwa anaongea na sauti yangu," akasema. "Aliniambia nisirudi, ati Mama Brayo ameshafika."

Risiva niliirudisha dukani. Yule mzee akaapa hajawahi kutuma fundi yeyote kwangu. Siku hizi tuna amplifaya na spika mbili kubwa, zote ziko mbele ya macho yetu. Wewe unayeishi peke yako, ukitaka mtambo, nunua hivyo, na usimfungulie fundi ambaye hukumwita. Na kama kuna mtu wako yuko mbali, panda gari umfuate umwone.

Mama Brayo alirudi, na tuko pamoja mpaka leo. Lakini nikimwita kutoka chumba kingine haitiki. Anaacha sufuria motoni, anakuja mpaka mlangoni, ananiangalia uso, ndipo anajibu.