Kitambaa cha Kidevuni

Mtunza nyaraka hunawa mikono kabla ya kufungua boksi lolote, kisha hukausha kidole kimoja kimoja, kama mama anayemkausha kichanga. Kalamu ya wino haingii chumbani mwake. Ni penseli tu, nayo hukaa sikioni. Karatasi za muziki za yule mpiga fidla maarufu huziinua kwa viganja viwili, na akiligonga boksi kwa bahati mbaya huliambia, "Samahani, mzee." Mjane wa mpiga fidla, anayemletea vitu vya marehemu kidogo kidogo, humcheka kimoyomoyo na kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Siku moja mjane alileta kitambaa ambacho mumewe alikiweka kidevuni kila alipopiga fidla. Mtunza nyaraka alikipokea, akakinusa. Kilinukia sabuni. "Nimekifua, baba," mjane alisema. "Niliona aibu kukileta na jasho lake. Nimekiharibu, sivyo? Utanirudishia?" Mtunza nyaraka akauliza, "Alipokuwa hai, mama, nani alikuwa anakifua?" "Mimi, kila Jumamosi. Yule hata soksi zake hakujua zinafuliwa wapi." Mtunza nyaraka alicheka taratibu, akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye kadi, kisha akamgeuzia asome: "Kitambaa cha kidevuni. Kimefuliwa na mkewe, kama kawaida." Katika maboksi arobaini na moja, hapo tu ndipo mjane alipotajwa. "Mungu akuweke, baba," alisema, akaenda kunawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, ili wakikunje kitambaa pamoja.