Gunia la Baba na Mvua Iliyofungwa

Enzi zetu hatukuwa na redio wala simu, lakini msidhani hatukujua habari za mwisho wa dunia. Tulizijua kuliko habari za jirani. Nyie wenzangu mliokulia milimani huku juu ya Same wakati wa Mwingereza, mliobaki na meno mawili matatu kama mimi, mnakumbuka. Jioni mmeshashiba makande, baba anafungua Biblia kurasa za mwisho kabisa, na watoto mnasogea karibu na mafiga kusubiri kutishwa. Wajukuu zangu wakitaka kuogopa wanatazama sinema. Sisi tulikuwa na joka la vichwa saba bure, kila jioni, isipokuwa baba akiwa na homa.

Na tulilicheza joka hilo. Watoto saba tunashikana viuno, tunashuka mtelemko kwenye migomba tukinguruma. Mimi Nakijwa nilikuwa yule mwanamke aliyevikwa jua, maana mama alikuwa na khanga ya njano, na mtoto wangu mkononi alikuwa mdogo wangu Naeli, ambaye hata kutembea alikuwa bado anayumba. Joka likikaribia, tunamnyakua Naeli juu kabisa, kwa sababu imeandikwa kwamba mtoto yule alinyakuliwa kwenda kwa Mungu. Naeli alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Alipenda sana kunyakuliwa.

Watu wazima nao walikuwa na mchezo wao, kutafsiri. Kila kiumbe cha unabii kilitafutiwa mwenyewe. Mnyama atokaye baharini alikuwa bwana shauri, yule mtawala wa Kizungu wa wilaya, kwa kuwa alikuja na meli, na nani angebisha? Mnyama atokaye nchi kavu alikuwa karani wa kodi, maana huyo tulimjua hadi mama yake. Waliosumbua ni wale mashahidi wawili wavaao magunia, waliopewa uwezo wa kuifunga mbingu mvua isinyeshe siku zote za unabii wao. Mwalimu wa kanisa alisema ni Musa na Eliya. Wengine walibisha. Watu walibishana hadi kwenye mazishi, marehemu amelala pale.

Baba yangu, Zefania, alijifunza kusoma ukubwani pamoja na rafiki yake Ezekia, mgane mmoja mpole asiye na mtoto. Wakawa hawaachani, kitabu kimoja macho manne. Sasa baba alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Akishasema neno, hata ulimi ukatwe halirudi. Jumapili moja wakaingia kanisani wawili hao wamevaa magunia ya katani, yametobolewa shingo na mikono, na mgongoni bado yana muhuri mweusi wa shamba la mkonge la huko bondeni. Tulicheka, we! Hata mama alijificha uso kwa khanga. Baba akasimama mbele akasema, "Mnaowatafuta ni sisi. Mvua haitanyesha miaka mitatu na nusu."

Mwalimu akawatoa nje. Vuli ile haikuja.

Hapa mtu wa mbali hawezi kunielewa, lakini nyie mtanielewa. Kwetu Upareni mvua ilikuwa na wenyewe. Kabla ya kanisa kulikuwa na ukoo uliokwenda msituni kuiomba, na mtu akijitangaza kwamba kaifunga, haulizwi kama ni kweli. Anaulizwa anataka nini aifungue. Baba alisema neno la kitabuni, lakini masikio yaliyolisikia yalikuwa ya Kipare. Mwanzoni waliogopa. Waliokuwa wakimcheka wakaanza kumwamkia kwa kuinama, na kuku wakaletwa. Sisi watoto tulinona, siwafichi.

Masika nayo ikapita kavu. Maharage yakakaukia kwenye maua. Ndipo wakaja wazee wanne, wakakaa uani. Msemaji alikuwa Mzee Samweli, msimamizi wa ndiva, lile bwawa tulilokusanyia maji ya kumwagilia mashamba kwa zamu. Alikuwa mtu wa taratibu.

"Zefania mwanetu, hatukuja kugombana. Tumekubali wewe ni mkubwa. Ifungue."

"Siku hazijatimia," baba akasema.

"Basi sema hukuifunga wewe. Sema hilo moja tu, sisi tuondoke tukamlilie Mungu."

Nilikuwa mlangoni nimempakata Naeli. Baba aligeuka akatutazama. Nasema kweli, nilidhani atasema. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na mama alikuwa ameshika fremu ya mlango akimwomba kwa macho.

"Siwezi kuukana ushuhuda," akasema. Mzee Samweli akasimama, akapangusa kaptula yake, akaondoka bila kuaga.

Toka siku hiyo zamu yetu ya ndiva ikafutwa. Maji yenyewe yalikuwa kikombe, lakini hata kikombe hicho kilipita kwenye mfereji juu ya shamba letu tukikitazama. Nikienda kuomba kaa la moto kwa jirani, naambiwa moto umezimika, na moshi nauona. Pembe ya msaragambo ikilia watu wakafanye kazi ya pamoja, hakuna aliyemwita baba. Wakubwa wenzangu, mnajua maana yake. Mpare asiyeitwa msaragambo ni sawa na marehemu.

Ezekia alishindwa kwanza. Asubuhi moja alikuja kwetu amevaa shati lake la zamani, gunia amelikunja kwapani. Akamwambia baba, "Ndugu yangu, mimi naona tulikosea. Nashuka Same nikatafute kazi ya mkonge." Baba hakumpa mkono. Mama akasema, "Baba Nakijwa, Ezekia kavua. Vua na wewe." Akamjibu kwamba hata shahidi mmoja ni shahidi. Mbishi yule! Mpaka leo nikikumbuka hasira zinanipanda.

Tulikula vitako vya migomba, vile vya chini ya udongo, mama akivichemsha mara tatu kutoa uchungu. Khanga ya njano ilibadilishwa kwa vibaba viwili vya mahindi. Mimi nilikuwa na miaka tisa nikavistahimili. Naeli hakuvistahimili. Tumbo likamwendesha siku nne. Siku ya tano, jua la utosi, alikuwa mgongoni mwangu na sikujua lini aliacha kunishika shingo.

Mama hakupiga yowe. Alimlaza kwenye kirago, akamwosha kwa maji kidogo tuliyokuwa nayo, akatafuta nguo ya kumvika, hakuna. Akatoka uani, baba amesimama palepale. Akasema neno moja.

"Vua."

Baba akavua gunia. Nilimwona baba yangu mbavu wazi kwa mara ya kwanza, mifupa mitupu. Mama akamfunga Naeli humo, na ule muhuri wa shamba la mkonge ukamkalia kifuani. Baba akaanza kuchimba peke yake, maana hakuna aliyekuja. Baadaye sana Mzee Samweli akatokea na jembe, hakusalimu, akachimba naye mpaka mwisho. Lilikuwa shimo dogo. Halikuhitaji watu wawili.

Baada ya siku tisa mawingu yakashuka kutoka kilele cha Shengena, mvua ikanyesha usiku na mchana. Watu walitoka wakicheza kwenye matope, wazee kwa watoto. Sisi tulikaa ndani. Ilipopungua wakaja, Mzee Samweli mbele na wanawake nyuma yake wamebeba mbegu za maharage, magimbi, na kaa la moto kwenye kigae. Wakapiga magoti kwa baba.

"Asante, Zefania," Mzee Samweli akasema. "Umevua gunia, Mungu kafungua."

Yule mtafsiri wetu wa wanyama na farasi na majoka, siku hiyo alitafsiriwa yeye. Mama ndiye aliyesema, tena polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Kumbe ilikuwa kuvua tu?"

Wanawake wakainamisha vichwa. Mbegu zile mama hakuzipanda, nilizipanda mimi.

Zamu yetu ya ndiva ilirudi, na jina la baba likawa la kwanza kuitwa msaragambo. Hakusoma tena kurasa zile. Lakini kila mwaka, matone ya kwanza ya vuli yakianza, alivua shati akasimama uani mvua impige, mpaka alipozeeka tukawa tunamvuta kwa nguvu. Mama alimtazama kutoka mlangoni na hakumwita ndani.

Sasa mjukuu wangu ananiletea simu usoni. Kuna mhubiri kijana, tai nyekundu, anafafanua mnyama ni nani mwaka huu. "Bibi, unaona? Yote yanatimia!" Nyie watoto mna bahati. Mkichoka na unabii mnabonyeza, unazimika, mnakwenda kula chipsi. Enzi zetu unabii ulilala nasi nyumba moja, ukala sahani moja na sisi. Nilimwambia amuulize mhubiri huyo kama ana mtoto mdogo. Akacheka, akadhani bibi amezeeka.

Mimi si mjinga. Najua mvua huja wakati wake. Ezekia naye alivua, mbona haikunyesha? Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Lakini vuli ikianza kugonga bati, wenzangu mnashukuru na vijana wanakimbilia kuanua nguo kambani, mimi nakaa kitandani na mgongo unakuwa mzito, nahesabu. Siku tisa. Angevua siku kumi nyuma, mvua ingemkuta Naeli. Siku tisa tu, jamani.