Mjomba na Breki ya Mkewe

Mjomba wangu ni fundi cherehani, na kwa wivu hana mshindani mtaani kwetu. Chumba chake cha kazi kina kioo kirefu na dirisha linalotazama lango. Nina hakika dirisha hilo ndilo lililomfanya apange nyumba ile. Mkewe ni mkunga. Kila anapotoka kwenda zamu, cherehani inanyamaza mpaka pikipiki ikate kona. Pikipiki ni ya mkewe. Mjomba hajui hata kuiendesha.

Naishi kwao tangu nimalize chuo, na msimamo wangu haujifichi: mwanamume anayemlinda mkewe kama mali hajamheshimu. Nimemwambia hivyo usoni. Yeye hunijibu kwamba nikioa nitanyamaza.

Upande wa pili wa ukuta anaishi Grisi, fundi pikipiki, kijana wa mabega mapana na mdomo mtamu. Jumamosi moja jioni mkazamjomba alirudi akilalamika kuwa breki ya mbele imelegea: ukiubana mkono wake, unazama mpaka unagusa shikio, kama unakamua sifongo. Grisi alikuwa langoni. Akaubana, akatikisa kichwa.

"Imeingia upepo, shemeji. Niachie kesho, ni kazi ndogo."

"Grisi bwana, sijui tungefanyaje bila wewe." Mkazamjomba akacheka.

Kicheko hicho kilimkuta Mjomba dirishani. Akatoka na mkasi mkononi.

"Upepo nitautoa mwenyewe."

"Wewe?" mkewe akauliza.

"Kwani breki ni nini? Mafuta, mpira na skrubu."

Grisi hakutaka ugomvi. Alileta spana, kipande cha mpira mwembamba kama wa dripu, na chupa yenye oili ya breki kidogo. "Ikiisha nigongee ukuta, kaka. Usiweke oili nyingine yoyote, mipira ya ndani itavimba na breki itakuacha njiani."

Mjomba alipokea bila kumtazama. Grisi alipoondoka, Mjomba akaniambia, "Umeona anavyonifundisha mbele ya mke wangu?"

Kesho yake, kabla ya zamu ya mchana, wakaanza: Mjomba akaimimina oili yote ya Grisi kwenye kikopo cha breki kilicho juu ya usukani. Kazi ile inataka watu wawili wanaosikilizana. Mkazamjomba alikaa juu ya pikipiki akabana breki mara kadhaa, kisha akaishikilia. Mjomba, amechuchumaa kwenye gurudumu, akalegeza skrubu. Oili ikapita kwenye mpira na mapovu yake, ikaingia kwenye kopo. Akakaza tena, ndipo mkewe akaachia.

"Bana."

"Nimebana."

"Shikilia. Haya, achia."

"Leo raha," mkazamjomba akasema. "Wiki nzima hukuniambia maneno mengi hivi."

"Na Grisi anakuambia mangapi?"

Mkewe akamtazama. "Fundi, wewe kutwa unapima viuno vya wake za watu. Nimewahi kukuuliza umepata inchi ngapi?"

Nilicheka peke yangu. Mjomba alikuwa akimkagua mkewe usoni, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo, na kile kikopo cha oili pale juu kwenye usukani hakuna aliyekitazama. Kikakauka, kikavuta upepo upya. Breki ikalegea kuliko mwanzo, na chupa ya Grisi ilikuwa tupu.

"Gonga ukuta," mkewe akasema.

"Nenda kavae, utachelewa."

Nami akanituma ndani nilete kitambaa. Tulipokuwa ndani, kama nilivyokuja kujua baadaye, aliingia chumba chake cha kazi akachukua kichupa chenye mdomo mrefu cha oili ya cherehani, akajaza kile kikopo.

Mkazamjomba alirudi na sare yake, wakarudia kazi. Bana, shikilia, achia. Safari hii mkono wa breki ulikaza vizuri kabisa.

"Kumbe unaweza, mume wangu." Akamgusa bega. Ndiyo sifa aliyoitafuta tangu jana, lakini aliipokea kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake.

Barabara ya kwenda zahanati ni mteremko mkali unaoishia kwenye njia panda. Mkewe akavaa kofia, akaweka ufunguo. Mjomba akaushika usukani.

"Shuka."

"Kuna mama ana uchungu kule, niachie."

"Nimeweka oili ya cherehani."

Alivua kofia polepole. "Si ulisikia alivyokuambia?"

"Nilisikia."

"Ila kwa sababu aliyesema ni Grisi."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimhubirie Mjomba. Nilipomwona uso, nikafunga mdomo. Aliufuata ukuta akaugonga mwenyewe, kwa ngumi. Grisi akaja, akachovya kidole kwenye kikopo, akanusa, akakipangusa kwenye suruali.

"Hii mpaka tuifungue yote, tubadilishe mipira. Leo haitoki."

"Basi mpeleke wewe kwa pikipiki yako," Mjomba akasema.

Grisi alimtazama kama anayenusa mtego. "Mimi?"

"Umesikia. Na wewe, mama, nyuma pale kuna chuma cha kushika."

"Nimekiona." Mkewe alipanda, akakishika, hakuaga.

Mjomba alibaki langoni. Nilimwambia kwamba kwa miaka yote niliyomfahamu, hilo ndilo tendo la kwanza la kiume nililomwona akilifanya. Aliniinulia mkono ninyamaze. Alikuwa akisikiliza mlio wa pikipiki, mpaka ukafifia kabisa.

"Umesikia?" akaniuliza. "Pale kwenye kona amepunguza mwendo mno."