Jinsi diary yangu ilimtetea uncle: mixture ya Malindi haifanyi kazi Ruiru

Wakuu, sasa? Mimi huwa nasoma tu hapa, sicomment. Lakini hii lazima niitoe, na sitaongeza chumvi.

Ilianza Jumapili, saa tano na dakika kumi asubuhi.

Uncle wangu, tunayeishi naye Kamenu, ni fundi wa ndege ndogo kwa airstrip moja upande wa Ruiru. Siku hiyo alikuwa anaimba choir kanisani, simu off, so akanituma nimpelekee pilot ufunguo wa hangar.

Pilot alikuwa ametoka Malindi kuchukua ndege ya boss wake. Uncle aliifanyia service Ijumaa.

Akawasha. Kuongeza throttle, injini ikakohoa, ikatetemeka, moshi mweusi!

Akazima, akapiga simu. "Boss, huyu fundi wako ameharibu injini... Sawa, nitamwambia asiiguse tena."

Wakuu, nilitetemeka kuliko hiyo injini.

Kwa sababu shida niliijua! Kila Saturday namshikia uncle spana, na anachosema naandika kwa diary. Huku tuko juu, karibu futi elfu tano, hewa ni nyepesi. Jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ukisukuma ile knob nyekundu ya mixture, ya kupima petroli, mbele kabisa, yaani full rich, kama uko Malindi, petroli inashinda hewa na nguvu inapotea. Lazima upunguze petroli kabla ya kupaa.

Lakini kuongea na mtu mzima nisiyemjua? Mimi hata dukani huonyesha kitu na kidole.

Nikafungua diary, nikamnyooshea.

Akasoma kwa sauti. "'Huku juu usiweke full rich, vuta mpaka injini itulie.' Eh. 'Leo nimekula ndizi sita.' Hii pia ni ya injini?"

Ngai! "Ya juu tu," nikasema.

Akacheka, akarudi ndani, akawasha, akavuta knob polepole.

RPM zikapanda zenyewe! Injini ikanguruma smooth, nyasi zote zikalala. Nilipiga nduru. Mimi!

Akapiga simu tena. "Boss, fundi ako sawa. Makosa ni yangu, nilisahau hapa si kwetu." Kisha akanigeukia: "Ambia uncle pole. Na wewe punguza ndizi."

Uncle alipotoka kanisani nikamsimulia yote, akacheka mpaka akalegeza tai.

Nilichojifunza: kama unajua kitu na mtu wako anasingiziwa, kitoe, hata kama ni kwa karatasi.

Wenye mmerusha ndege Eldoret ama Nyahururu, huko juu zaidi mnavuta knob kiasi gani? Niambieni, naandika.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa na double Physics. Nikainua mkono, mara ya kwanza tangu Form One. Jibu lilikuwa wrong.

Nikainua tena.